Jua Lilipatwa Nikiwa na Mimba

Jua lilipatwa siku ya Alhamisi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana pale Voi. Muhula wa tatu ulikuwa umeanza tu. Ilikuwa Septemba, vuli bado, na vumbi jekundu lilikuwa limetanda kila mahali, hata juu ya majani ya chai kwenye kopo lililofungwa. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba kusini mwa Tanzania mwezi utaingia katikati kabisa ya jua na kubakisha pete ya moto. Kwetu Voi hatungeiona pete, lakini sehemu kubwa ya jua ingefunikwa, kibaki kipande chembamba kama ukucha.

Wiki hiyo nzima nilikuwa kama mtoto anayengoja Krismasi. Miaka mingi nilikuwa nimechora kupatwa kwa jua ubaoni: duara la jua, duara la mwezi, duara la dunia, na mistari iliyonyooka kwa rula. Nilikuwa nimesahihisha michoro hiyo kwenye mitihani mpaka nikaichoka. Lakini sikuwa nimewahi kusimama ndani ya kivuli chenyewe. Sasa kilikuwa kinakuja mpaka uwanjani kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kazi ya kuwaonyesha wasichana.

Mume wangu alikuwa fundi wa stima. Tulijuana alipokuja kurekebisha soketi za maabara yetu. Aliniuliza swali kuhusu umeme ambalo alilijua jibu lake vizuri kabisa, ili tu niendelee kuongea. Aliniambia hivyo baadaye bila aibu yoyote. Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu, hata nyumbani, hata tukikosana. Yeye ni Mtaita wa kule juu milimani, upande wa Wundanyi. Mimi wazazi wangu walihama kutoka Ukambani kabla sijazaliwa, wakafungua duka la nafaka sokoni Voi, kwa hivyo kwetu ni hapo hapo.

Jumanne jioni mama mkwe alipiga simu.

"Mwanangu, hiyo Alhamisi kaa ndani," alisema. "Funga madirisha, ulale kitandani mpaka jua lipone."

"Mama, jua haliumwi. Ni mwezi tu unapita mbele yake."

"Hayo nimesikia kwa redio. Sisemi habari ya jua. Nasema habari yako."

Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Biblia, na hakuwa mwoga wa mambo ya bure. Lakini alikuwa amelelewa na nyanya yake, na nyanya yake alimfundisha kwamba jua likipatwa, mtoto aliye tumboni naye hupatwa, kama mama yake amesimama nje. Mimi nilitaka kumcheka. Kisha nikafikiria kwamba hata lugha ilikuwa upande wake. Jua hupatwa, na mtu hupatwa. Tunatumia neno lile lile.

"Nimesikia, mama," nikamjibu. Kwetu jibu hilo si kukubali wala kukataa, na yeye alilielewa hivyo, kwa sababu alirudia habari ya madirisha kabla ya kuaga.

Mume wangu alikuwa amekaa pale kwenye kochi akisikiliza. "Utakaa ndani kweli, Mwalimu?"

"Wewe waonaje?"

"Naona wanafunzi wako watakuja kuvunja mlango." Akacheka, akaweka mkono tumboni kwangu. "Na huyu naye atataka kutoka akaangalie."

Siku yenyewe hakukuwa na wingu. Tangu asubuhi niliwaonya wasichana mpaka sauti ikakauka: msiangalie jua kwa macho, hata mara moja, hata likibaki kidogo namna gani. Jicho haliumi linapoungua. Unaweza kulipoteza bila kuhisi chochote. Tulikuwa tumetengeneza vifaa vyetu kwa katoni za sabuni. Upande mmoja tulitoboa tundu dogo kwa pini, upande wa pili tukabandika karatasi nyeupe. Ukiligeuzia jua mgongo, mwanga unapita kwenye tundu na kuchora jua dogo kwenye karatasi.

Kabla ya saa tano kitu kilianza kuuma ukingo wa jua. Msichana mmoja akapiga kelele, kisha shule nzima. Niliwaeleza tena yale niliyowaeleza darasani, na safari hii kila neno lilikuwa na mfano wake hapo juu. Mwezi ni mdogo kuliko jua karibu mara mia nne, lakini jua nalo liko mbali kuliko mwezi karibu mara mia nne, ndiyo maana ukiviangalia kutoka hapa vinaonekana vinatoshana. Siku ile mwezi ulikuwa umesogea mbali na dunia kidogo, ukawa hautoshi kulifunika jua lote. Ndiyo sababu wenzetu wa kusini walikuwa wanapata pete.

Mwanga ulibadilika. Haukuwa mwanga wa jioni wala wa mawingu. Ulikuwa mweupe, mwembamba, kama mtu amepunguza moto wa koroboi lakini kivuli kikazidi kuwa kikali. Joto la Voi, ambalo halina huruma mwezi huo, likapungua mpaka tukalihisi mikononi. Kunguru wanaokaa karibu na jikoni wakanyamaza.

Hapo ndipo mume wangu alipoingia getini na begi lake la vifaa. Alikuwa na kazi mjini, akaikatiza. Nilimvuta mkono mpaka chini ya mwarobaini uliokuwa karibu na ofisi, nikamwambia aangalie chini.

Ardhi yote chini ya mti ilikuwa imejaa vijijua vyembamba vilivyopinda, mamia kwa mamia, vikitetemeka kila upepo ulipopita. Kila nafasi kati ya majani ilikuwa tundu la pini. Nilimweleza kwamba hata siku za kawaida yale madoa ya mviringo unayoyaona chini ya mti si umbo la majani. Ni picha za jua, na tunazikanyaga kila siku bila kujua.

"Siku zote?" akauliza.

"Siku zote."

Akanitazama, kisha akaniambia nisimame hapo hapo, nisisogee. Vijijua vilikuwa vimetua kwenye gauni langu, juu ya tumbo. Alitoa simu akapiga picha. Mtoto akarusha teke, na mume wangu akaliona kwa macho, gauni likiinuka na vijijua vikiyumba. Alicheka kwa sauti hata wasichana wakageuka. Sijawahi kumwona na furaha namna ile. Jioni aliituma ile picha kwa ndugu zake wote.

Mwishoni mwa Oktoba, Jumapili mchana, nilikuwa nakunja nguo za mtoto. Tulikuwa tumezifua zote tayari. Nilikuwa nakunja kofia ya sufu aliyofuma mama mkwe, nikajiuliza mtoto amecheza saa ngapi mara ya mwisho. Sikukumbuka. Nilikunywa maji baridi yenye sukari, nikalala kwa ubavu wa kushoto kama tulivyofundishwa kliniki. Nikangoja. Nikamwita kwa jina tulilokuwa tumelichagua, ambalo silitaji mpaka leo. Kisha nikamwita baba yake.

Hospitalini nesi alinipaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kile kifaa cha kusikilizia moyo. Nilisikia moyo wangu mwenyewe. Nesi akapitisha tena, akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita daktari aje na mashine ya picha. Daktari aliitazama skrini, kisha akaigeuza upande wake taratibu. Nikajua.

"Pole sana, mama," alisema.

Watu hawajui, mpaka iwapate, kwamba mtoto aliyekufa tumboni lazima azaliwe. Uchungu ni ule ule. Nilijifungua kesho yake, na kitanda cha pili mtoto wa mwenzangu alikuwa analia kwa nguvu. Wangu alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi na paji la uso la baba yake. Kila kiungo kilikuwa kimekamilika, kilichopungua ni uhai tu. Mume wangu alimpokea kwa mikono miwili. Shuka ilikuwa imefunguka miguuni, akamfunika tena haraka, kama mtu anayeogopa mtoto atashikwa na baridi.

Nilimuuliza daktari kwa nini. Alivuta kiti akakaa, na hilo namshukuru.

"Wakati mwingine tunaona sababu," alisema. "Presha, kondo la nyuma, kitovu kujifunga. Kwako nimeangalia, sijaona. Mara nyingi hatuoni, mama. Si kwamba tunakuficha."

Tulimzika kule juu, kwenye shamba la kina mume wangu, kwenye mteremko chini ya nyumba, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama mkwe ndiye aliyemfunga ndani ya leso mpya. Hakuruhusu mtu mwingine amguse. Nilimwona akilivuta pindo la leso, akilifunua, akilivuta tena, mpaka mchungaji akamshika bega.

Baadaye nililazwa chumbani, karibu na jikoni. Wanawake walikuwa wanapika na kuongea Kidawida, lugha ya Wataita. Wengi walidhani mimi, Mkamba wa Voi, sisikii. Lakini nilisoma shule ya msingi na watoto wa Kitaita, nilisikia kila neno.

"Alisimama nje," sauti ya mama mkwe ilisema. "Nilimkataza. Jua linaliwa, yeye amesimama nje, akaliacha limchore tumboni. Picha ninayo hapa kwa simu. Angalieni wenyewe."

Vijiko vikaacha kugonga sufuria. Nadhani walikuwa wanapokezana simu.

Tuliporudi Voi nilimweleza mume wangu niliyoyasikia. Nilitegemea akasirike. Alikaa akijikuna vidole, vidole vyake vya fundi vyenye alama za kuungua, kisha akauliza polepole:

"Na kama ni kweli?"

Jioni hiyo nilifanya kile ninachojua kufanya. Nilichukua tochi, chungwa na ndimu, nikaviweka mezani. Nilimweleza mume wangu kama ninavyowaeleza watoto wa Kidato cha Kwanza. Tochi ni jua, ndimu ni mwezi, chungwa ni dunia. Ndimu ikipita, kivuli chake kinaanguka juu ya chungwa, basi. Hakuna kitu kipya kinachotoka kwenye jua. Jua halijui hata kwamba mwezi umepita. Mwanga ulionigusa siku ile ni ule ule unaonigusa nikianika nguo, ila ulikuwa umepungua. Nikamwambia afikirie wanawake wajawazito wote waliokuwa mashambani saa ile, kuanzia hapa mpaka Mbeya, wakipalilia, wakichota maji, hawana habari ya redio wala magazeti. Watoto wao sasa wananyonya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua ndimu akaizungusha mkononi.

"Nimeelewa yote, Mwalimu," alisema. "Umeeleza vizuri. Kwa hivyo si jua."

"Si jua."

"Basi niambie ni nini."

Mimi ambaye nina jibu la kila swali la kivuli na mwanga, nilizima tochi.

"Sijui," nikasema.

"Daktari hajui. Wewe hujui." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kutembea. "Anayejua ni mama peke yake."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko somo lolote nililofundisha. Kazi yangu inaniambia niseme sijui pale nisipojua. Nimewapa wanafunzi maksi kwa kuandika hivyo kwa uaminifu badala ya kubuni matokeo ya jaribio. Lakini jioni ile niliona kwamba neno "sijui" ni chakula kisichoshibisha. Mume wangu alikuwa na njaa ya jibu, lolote, na mimi sikuwa na la kumpa.

Hakuniacha kwa siku moja, aliondoka kidogo kidogo. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kufunga mota za pampu kwenye mashamba ya Mboghoni, kule Taveta, ambako wananyunyizia maji migomba na nyanya. Mwanzoni alirudi kila Ijumaa na mkungu wa ndizi begani. Kisha ikawa mwisho wa mwezi. Kisha pampu fulani ikawa inaharibika kila anapotaka kusafiri. Hatukugombana. Ningefurahi kama tungegombana. Siku moja nilimwambia kwa simu arudi nyumbani, kazi za stima hata Voi ziko.

"Kila nikikuangalia, namwona yeye," alinijibu. "Na nikimwona yeye, nakuona umesimama pale chini ya mti unacheka. Siwezi."

Nilikata simu mimi. Baada ya hapo hatukuzungumza tena habari ya kurudi. Watu wa sokoni ndio walioniambia kwamba amepata mwanamke Taveta, na baadaye, kwamba wamepata mtoto.

Mama mkwe alikuja siku ya Jumamosi, bila kunipigia simu. Niliposikia hodi nilifikiri ni jirani. Alikuwa amebeba mfuko wa mboga na viazi, amevaa nguo zake za kanisani. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Nikamwekea chai. Akaanza kuongea akiangalia kikombe.

"Kabla ya mumeo nilizaa mwingine. Hakulia. Mama mkwe wangu alisema ni kwa sababu nilikwenda kwenye matanga nikiwa na mimba, nikamtazama maiti. Nikaamini. Mimba iliyofuata sikutoka nje ya boma, hata jirani yangu alipokufa sikwenda. Akazaliwa mumeo, mzima." Alikizungusha kikombe. "Ukipewa sababu, unajua cha kufanya mara ya pili. Mimi nilitaka uwe na sababu. Nilidhani nakusaidia."

"Ulinisaidia?" Niliweka kikombe changu chini. "Mama, mwanao ameondoka kwa sababu ya hiyo sababu."

"Najua."

"Na mara ya pili hakuna."

"Najua, mwanangu." Akaanza kulia bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso. "Sikujua ataishika namna hiyo. Nilikuwa nakupa wewe. Akaichukua yeye."

Sikumwambia nimemsamehe, na yeye hakuomba. Sikuweza. Nilimwongezea chai. Alipomaliza nilimsindikiza mpaka stejini, nikambebea mfuko wake mtupu, na gari la Wundanyi lilipojaa akanishika mkono kupitia dirishani mpaka dereva akawasha injini.

Bado nafundisha. Kila mwaka nafika kwenye kile kipindi cha mwanga kusafiri kwa mistari iliyonyooka, na kila mwaka nachora maduara matatu. Wasichana huuliza kama ni hatari kwa mtu mwenye mimba, hakuna mwaka wameacha kuuliza. Huwajibu kwamba kilicho hatari ni kuangalia jua kwa macho, kwa mtu yeyote yule, na kwamba mtoto wa tumboni hana la kuogopa. Nawaambia ukweli. Kisha nageuka nifute ubao, na huchukua muda kuufuta.

Mwaka jana tulipeleka wanafunzi kwenye kongamano la sayansi Taveta. Wakati wa chakula cha mchana nilitoka nikaenda sokoni kununua ndizi. Boda za kutoka mpakani zilikuwa zinapishana na mikokoteni, na nilikuwa nasubiri kuvuka nilipomwona. Amenenepa kidogo. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, na paji la uso la mtoto yule nililijua papo hapo, ni lile la baba yake.

"Mwalimu," alisema.

"Habari ya siku nyingi."

Tuliulizana habari za kazi, za mvua, za mama yake. Mtoto alinikodolea macho, akamvuta baba yake suruali. "Huyu ni nani?"

"Ni Mwalimu," akamjibu. Kisha akamwinua, akambeba, akamficha uso begani kama asiyetaka asikie. "Watu huniuliza nina watoto wangapi," aliniambia. "Mimi husema wawili. Mama yake huyu amezoea. Nawaambia huyu ni wa pili, wa kwanza amelala kule kwetu juu."

Barabara ilikuwa imefunguka, ningeweza kuvuka.

"Mimi husema sina," nikamwambia.

Alinitazama. "Usiseme hivyo," alisema. "Tafadhali, Mwalimu. Usimkane."

Nilimgusa mtoto shavu, nikavuka.

Basi la shule liliondoka Taveta jua likiwa bado juu. Wasichana walikuwa wameshinda zawadi ya jaribio lao, wakawa wanaimba njia nzima, mbuga ikipita pande zote mbili, kavu na nyekundu. Mahali fulani baada ya Maktau, mtandao uliporudi, nilimpigia mama mkwe. Nilimwambia Jumamosi napanda huko kumwona mtoto. Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku tuliyomzika.

Hakuuliza kwa nini sasa. Alisema tu kule kumenyesha, njia ya kushuka shambani inateleza, nije na gambuti.